Itakuwa Plagi

Pikipiki yangu haikuibiwa. Naanza na hilo kwa sababu katika mambo yote ya mwaka ule ndilo pekee ninaloweza kulisema bila kusita. Wenzangu wa kijiwe cha stesheni waliibiwa, mmoja aliuawa, wengine walirudi makwao wakiwa na helmeti tu mkononi, lakini mimi nililala na yangu chumba kimoja mwaka mzima, na mwaka ulipoisha ikawa yangu kabisa. Wiki tatu zilizopita nilikuwa dukani kwangu hapa Mpanda, napanga makopo ya oili kwenye rafu, simu ikaita. Alikuwa mdogo wake Didas, anapiga kutoka Usevya. Akaniambia kaka yake amefariki asubuhi ile, mazishi ni keshokutwa, na kwamba marehemu alikuwa amesema mimi niambiwe mapema ili nipate nafasi ya kufunga duka. Mteja aliyekuwa mbele yangu aliniuliza bei ya tyubu mara mbili. Nikamwambia duka limefungwa, na milango yote ilikuwa wazi.

Mwaka ninaouzungumzia, Mpanda ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Rukwa na bodaboda ndio zilikuwa zinaanza kujaa mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilipanga chumba Makanyagio, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, na chumba cha ubavuni kwangu alikaa Didas na mkewe Yustina na binti yao Pendo, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anampa pole. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, yaani ni ya tajiri mpaka mwaka uishe, na jina lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa langu. Didas alikuwa deiwaka wangu. Kwa asiyejua, deiwaka ni dereva anayeshikishwa chombo cha mwenzake kwa siku: leo naendesha mimi, kesho yeye. Alikuwa dereva mzuri kuliko mimi, hilo nilijua na abiria walijua pia, maana kuna akina mama wa sokoni waliokuwa wakiniona mimi nimekuja wanauliza, leo yule mwenzako hayupo? Mimi nilikuwa najifanya sisikii.

Pikipiki ililala chumbani kwangu. Kila jioni tuliegemeza ubao kwenye kizingiti, mmoja anavuta usukani, mwingine anasukuma nyuma, Yustina ameshika pazia lisishikwe na kioo cha pembeni. Ikishaingia, chumba kimekwisha. Kitanda nilikisogeza mpaka ukutani, sufuria nilizitundika, na kichwa changu kililala karibu na gurudumu la nyuma kiasi kwamba nguo zangu zote zilinuka petroli, hata ile shati ya kwenda kanisani. Yustina alikuwa na mdomo. Alikuwa akiniambia, "Shemeji, sasa wewe utaoa vipi, na mke mwenyewe umeshamwingiza ndani?" Nilikula kwao. Tulitandika mkeka koridoni mbele ya mlango wao, ugali na dagaa wa Karema waliopikwa na nyanya chungu, na Jumapili wali wa mchele uliotumwa na mama yake Didas kutoka Usevya, mchele unaonukia mpaka wapangaji wa vyumba vingine wanapita pita na vikombe vya kuombea chumvi. Pendo alikuwa hali mpaka akalishwe juu ya tangi la pikipiki. Didas anamshika kiuno, Yustina anamlisha, mtoto amekamata usukani na mikono miwili anasema buu, buu, huku wali unamdondoka kifuani. Nimekula sehemu nyingi tangu wakati ule, na nyingine za heshima, lakini nikisema nimewahi kuwa na nyumbani ni pale koridoni.

Wizi ulipoanza, maneno ya kijiweni yakabadilika. Zamani tulibishana mpira, sasa kila mtu alikuwa mtaalamu wa kufuli. Mmoja alichomoa fyuzi na kutembea nayo mfukoni kila akiegesha. Mwingine alifunga mnyororo uliokuwa mzito kuliko pikipiki yenyewe, mpaka tukamwita mfungwa. Mwingine alizungushia kitambaa chekundu kwenye shokapu ya nyuma na kukataa kusema alikitoa wapi. Na kila ikitangazwa pikipiki imepotea, kuna sentensi moja ambayo lazima mtu aiseme, na iliyosemwa mbele ya Didas mara nyingi tu huku yeye anacheka pamoja na wengine: "Kabla hujaenda polisi, kamuulize kwanza deiwaka." Mimi pia nilicheka. Lakini maneno yakisemwa kila siku yanapata pa kukaa. Nikaanza kuhesabu dakika Didas akichelewa kurudi. Nikaanza kugusa injini akifika nione imechemka kiasi gani. Hakuna alichonifanyia. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu nimesikia watu wanaosimulia makosa yao huanza na makosa ya wenzao.

Basi siku moja ya zamu yangu nikaenda kwa fundi Mrisho, nyuma ya soko. Mrisho alikuwa na kazi moja aliyoifanya kwa siri na kwa watu anaowajua. Alifungua kava la betri, akakata waya unaopeleka moto kwenye plagi, akaupitisha kwenye kitufe kidogo alichokitoa kwenye redio mbovu, akakificha kitufe chenyewe ndani kabisa, mahali ambapo unapapasa kwa vidole viwili na huwezi kukiona hata ukilala chini. Ukikizima, taa zinawaka, honi inalia, teke linakwenda vizuri, lakini moto haufiki. Mwizi atapiga teke mpaka achoke aiache. "Hii tunaijua wawili, mimi na wewe," Mrisho aliniambia huku anafuta mikono. "Ukimwonyesha mtu wa tatu, rudi hapa nikitoe, maana kitakuwa hakina kazi." Nikamwambia nimeelewa. Njiani nilikuwa namwambia Didas kichwani, namwonyesha, tunacheka. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba kumwonyesha leo ni kumwambia kuwa asubuhi niliamka nikaenda kufunga kitu bila kumwambia. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake ilikuwa zamu yake, nikaamka kabla yake nikakiwasha, na jioni aliporudi nikakizima akiwa ananawa. Ikawa hivyo. Funguo ya kufuli ya chumba changu alikuwa nayo, akiitumia anavyotaka. Funguo ya pikipiki ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilimwachia kila kitu isipokuwa kile kitufe.

Maganga, kijana wa kijiwe chetu, alipotea na abiria siku ya gulio na akakutwa baada ya siku mbili porini, pikipiki haipo. Kwao kulikuwa Magamba, akazikwa huko. Kijiwe chote kilikubaliana kumsindikiza, na vijiwe vingine vikakubali, mpaka ikawa siku ile hakuna bodaboda mjini. Waliondoka kwa mstari mrefu, majani mabichi yamefungwa kwenye taa, honi zinalia. Mimi nilichaguliwa kuwa kati ya wabeba jeneza, nikapanda Fuso pamoja na marehemu, na pikipiki nikaiacha chumbani. Didas alibaki. Pendo alikuwa ameamka na joto, si kubwa, wamempa dawa ya maji, akasema akitulia atatufuata kwa miguu. Nilifunga mlango, kisha nikaufungua tena nikarudi ndani. Kitufe kilikuwa kimewashwa. Nilikizima.

Tulikuwa kaburini, katekista anasoma, simu ikatetemeka mfukoni. Nilirudi nyuma hatua mbili, lakini watu walikuwa wamebanana, mwenyekiti wa kijiwe begani kwangu upande huu, na upande ule madereva ambao hata majina yao sikuyajua. Ilikuwa sauti ya Didas, anahema.

"Kali, chuma kinagoma. Nimepiga teke mpaka mguu umekufa ganzi."

Jina langu ni Kalisto, yeye ndiye aliyelikata. Kilichonijia kwanza si hofu, ni hasira. Niliwaza: mji mzima hauna bodaboda, sisi tuko hapa tunamzika mwenzetu, na yeye ameingia chumbani kwangu avune abiria peke yake. Niliwaza hivyo kwa ukamilifu kabisa, nikiwa nimemwona Didas akimbeba mwanawe begani asubuhi ileile. Ningeweza kumwambia weka vidole nyuma ya kava la betri. Ni maneno machache. Lakini masikio yalikuwa yamenizunguka, na siri ya Mrisho ilikuwa ya watu wawili.

"Itakuwa plagi," nikamnong'oneza. "Fungua plagi, isafishe, kisha jaribu."

"Sawa, ngoja nifungue. Ila Kali, ni mto..."

Simu ikakatika. Didas hakuwa na kawaida ya kuwa na vocha ya kutosha, sote tulijua, na mimi nilikuwa nayo. Sikumpigia. Nilirudisha simu mfukoni, nikashika koleo zamu yangu ilipofika. Kwa miaka yote niliyoishi baada ya hapo, nikijiuliza kama nilisikia alichotaka kusema, nimejijibu kwamba sijui, palikuwa na kelele, watu walikuwa wanalia.

Nilifika Makanyagio saa kumi jioni. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi na pikipiki imesimama mahali pake. Sakafuni kulikuwa na spana ya plagi, kitambaa chenye masizi, na kiberiti kilichochanika ubavu. Nilikiokota kile kiberiti. Alikuwa amekosa msasa, akaikwaruza plagi kwa ule ubavu wa kuwashia njiti, na alikuwa ameikwaruza vizuri, maana karatasi ilikuwa imekwisha kabisa. Kisha akairudisha, akaikaza inavyotakiwa, akafunga kofia yake, hata vumbi la pembeni akalifuta. Mama mwenye nyumba akaja koridoni, akaniambia kwamba mtoto alishikwa na degedege mchana, macho yakageuka, na baba yake alihangaika na pikipiki muda mrefu sana huku mama yake amesimama pale mlangoni na mtoto mikononi. Halafu wakatoka mbio kwa miguu. Hawakupata bodaboda hata moja mpaka barabara kubwa, ambako mzee mmoja mwenye baiskeli alimpakia Yustina na mtoto na Didas akakimbia nyuma yao mpaka hospitali. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshapata habari ya mwisho lakini hakuisema, akaanza kukunja mkeka uliokuwa koridoni. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nikaingiza vidole viwili nyuma ya kava nikakiwasha kitufe. Nimejiuliza maswali mengi kuhusu siku ile, lakini hilo sijawahi kujiuliza, kwa sababu jibu lake ninalo. Nilitaka isijulikane.

Kesho yake asubuhi uani kulikuwa kumejaa watu wa msiba wa Pendo. Wanawake wamekaa kwenye mikeka kumzunguka Yustina, wanaume kwenye mabenchi ya kuazima, na Didas katikati yao akiwa na shati ya jana. Kaka mmoja wa ukoo akasema, "Kalisto, wewe una chombo. Nenda Litapunga ukamchukue baba yake Yustina, asije kwa miguu mzee wa watu." Ningeweza kusema haina mafuta. Ningeweza kusema imekufa, tafuteni nyingine, na lingekuwa jambo jepesi kuaminika kuliko yote, maana nusu ya watu pale walishasikia kwamba iligoma. Sikufikiri. Niliteremsha ubao, nikaitoa, nikaivuta mpaka katikati ya ua, nikapanda, nikapiga teke moja. Ikawaka. Ikawaka kwa mlio ule mzuri wa pikipiki iliyosafishwa plagi. Yustina aliinua kichwa. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Didas, kwa muda mrefu, na Didas alikuwa anaiangalia mikono yake mwenyewe, anaigeuza, juu na chini.

Jambo hili lingeishia kwenye msiba kama Didas asingekuwa amekunywa kikombe cha komoni, pombe ya kienyeji, mchana ule wa degedege. Jirani alipika pombe, akamwita waonje kwa ajili ya Maganga, akanywa kimoja amesimama akarudi kwa mtoto. Yustina alikuwa ameinusa wakati anampokea mtoto mlangoni. Mwanzo haikuwa na maana yoyote. Baada ya lile teke moja ikawa na maana yote. Kwa wiki nyingi baada ya mazishi, asubuhi nikinywa chai peke yangu, niliyasikia juu ya ukuta, sauti za chini, hawagombani, na ndiyo maana zilikuwa mbaya zaidi.

"Ulikunywa ngapi?"

"Kimoja. Nimekwambia, mke wangu."

"Kimoja hakimsahaulishi mtu kuwasha pikipiki. Unaendesha kila siku."

"Sijui. Nilipiga. Nilifungua plagi. Sijui nilikosea wapi."

"Kalisto kapiga mara moja tu."

"Nilimwona."

Nami nilikuwa upande wa pili na kikombe mkononi, umbali wa tofali moja. Kitu kimoja ninachojua kuhusu uongo wa kunyamaza ni kwamba siku ya kwanza unaweza kuuvunja kwa sentensi moja. Baada ya wiki unahitaji maelezo. Baada ya mwezi unakuwa umekula kwenye sahani za watu waliokuwa wakigombana kwa sababu yako, na hakuna maelezo ya hilo. Maana Yustina aliendelea kunipikia. Alinishukuru mbele ya baba yake kwa kwenda kumchukua. "Shemeji ndiye aliyenishika mkono," alisema, na mzee akanipa mikono yote miwili. Didas alirudi kazini siku mbili tu. Siku ya tatu alisimama koridoni, funguo ameishika, akanirudishia. Aliniambia haiamini tena mikono yake, asije akamdondosha mtoto wa mtu. Nilimwambia apumzike, itapita. Niliyasema maneno hayo nikiwa nimeegemea pikipiki, na mkono wangu ulikuwa sentimita chache kutoka kwenye kitufe.

Arobaini ilipokwisha Yustina akarudi Litapunga kwa wazazi wake. Alibeba nguo zake na sufuria mbili, nyingine akaziacha. Didas alimfuata kule mara kadhaa na kila mara alirudi peke yake, anazungumza kidogo kuliko alipoondoka. Mvua zilipoanza akasema anarudi Usevya kulima mpunga. Nilimsindikiza stendi. Tulisimama karibu na basi, mzigo wake umeshapandishwa juu, na mimi nilikuwa nimeamka alfajiri nikajiapiza kwamba hapo ndipo nitasema. Akanishika bega. "Kali," akaniambia, "wewe tu ndiye hujawahi kuniuliza kama nililewa. Mungu akubariki." Nikasema, "Safari njema." Tangu mwaka ule, kila mavuno, alinitumia mchele. Hakukosa hata mwaka mmoja. Nikaoa, nikafungua duka, nikapata watoto, na watoto wangu wamekua wakila mchele wa Didas wakiuita mchele wa baba mkubwa. Yeye hakuoa tena. Hakupanda pikipiki tena, hata kupakiwa. Watu wa Usevya walimzoea akitembea kwa miguu hata mwendo wa saa tatu, na waliponisimulia hilo msibani walilisema kama tabia tu ya mtu, kama vile wengine hawali samaki.

Yustina alikuja kuzika. Ameolewa na mkulima huko huko Litapunga, wana watoto wanne wakubwa, na mumewe mwenyewe ndiye aliyemwambia aende. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi pembeni, lakini ule mdomo bado, nilimsikia akiwatania wapishi kwamba ugali wao ungejenga nyumba. Siku ya pili baada ya mazishi, asubuhi, nilimkuta nyuma ya jiko peke yake na ungo mapajani, anachambua mchele. Nikavuta kigoda. Akaniuliza habari za wanangu, nikamjibu. Akasema, "Didas alikupenda wewe." Nikamwambia, "Shemeji, nina neno. Ukishalisikia unaweza kuniita unavyotaka." Nikamwambia. Nilianza kwa Mrisho nyuma ya soko, nikamweleza kitufe, jinsi nilivyokuwa nakiwasha na kukizima, nikamweleza kwamba Didas angeweza kuwa fundi mkuu wa nchi nzima na ile pikipiki isingewaka. Nikamweleza simu ya kaburini, na plagi, na jinsi nilivyokiwasha kitufe jioni ile kabla ya teke la kesho yake. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye teke. Hapo ikasimama.

Kuku wakaja karibu na ungo, hakuwafukuza. Kisha akaongea bila kuniangalia.

"Mara ya mwisho alipokuja Litapunga, baba yangu alimkalisha mbele ya wazee. Akamuuliza, sema ukweli, ulikuwa umelewa? Akasema, huenda. Baba akasema huenda si jibu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Nikamwambia, Didas, ukisema ndiyo nitakusamehe. Akaniangalia. Akasema ndiyo."

Nikasema hakuwa amelewa.

"Nimekuelewa. Umeshasema." Akaokota punje moja ya jiwe, akaitupa. "Alipokupigia, ulisikia kwamba ni mtoto?"

Nikafungua mdomo kusema sijui. Nilikuwa nimeisema kwa miaka mingi, ilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa ameniangalia sasa, uso mzima, na nikaona kwamba nikimpa sijui, ataondoka na kitu kingine kisicho cha kweli kutoka kwangu, na atakibeba mpaka naye azikwe.

"Nilisikia," nikamwambia. "Hakulimaliza neno, lakini nilisikia. Nikajifanya sijasikia."

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayehakikisha jambo na nafsi yake. Alisema kwamba alimsamehe Didas, kweli alimsamehe, ilimchukua miaka mingi na maombi mengi, na alipomaliza alijiona mtu mwema. Aliwahi hata kusimama kanisani akatoa ushuhuda, jinsi Mungu alivyompa moyo wa kumsamehe mume aliyemlevia mtoto wake. Watu walilia. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, anaukung'uta ungo polepole. Nikateremka kwenye kigoda nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaanza, "Yustina, naomba..."

"Usiniombe msamaha, shemeji," akasema. "Niliokuwa nao nimeshautoa wote, kwa mtu ambaye hakuuhitaji."

Akainuka na ungo wake akaingia jikoni. Nilibaki pale chini mpaka miguu ikafa ganzi. Sikumfuata.